Mshika mbili katika chumba cha upasuaji

Ndugu msikilizaji, mgeni anayefika Pujini, kusini mashariki ya mji wa Chake Chake, hupelekwa kwanza kwenye magofu ya Mkama Ndume. Jina hilo peke yake latisha: mkamua wanaume. Hadithi husema kuwa mtawala huyo, ambaye ngome yake inakadiriwa kuwa ya karne ya 15, aliwabebesha watu mawe ya kujengea vichwani huku wakisogea kwa makalio. Ndani ya ngome mna kisima, nacho kina hadithi yake. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, basi akakijenga kisima kwa namna ambayo hawatakutana. Mmoja aliteka maji kutoka juu kwa ndoo na kamba, mwenziwe alishuka kwa ngazi mpaka chini. Kisima kimoja, wake wawili, na kila mmoja na njia yake.

Mara ya mwisho nilipokwenda Pujini sikwenda kutazama magofu. Nilikwenda kumchukua shangazi yangu nimpeleke hospitali akapasuliwe ngiri ya kitovu, iliyokuwa ikimsumbua miaka mingi na yeye akiificha kwa kanga. Tulipokuwa tukingoja gari barazani, bibi yule aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Huyo atakayenipasua ni daktari, au ni mwanafunzi wa daktari?" Nikamwambia huenda wakawa wote wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili: "Na huyo mwanafunzi, ataniangalia mimi tu au atakuwa na mambo mengine?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni methali nzuri, lakini haisemi mshikaji ni nani. Nendeni Pemba msimu wa karafuu mkamtazame mchumaji aliyezaliwa chini ya mkarafuu. Yuko juu kwenye tawi jembamba, mkono unavuta kitawi, mkono mwingine unachuma, mguu unatafuta pa kukanyaga, na mdomo unamjibu jirani aliye kwenye mti wa pili kuhusu mambo ya harusi ya jana. Hadondoshi konyo, wala yeye mwenyewe haanguki. Sasa mpandisheni kijana aliyekuja juzi. Huyo hasemi neno. Mkimwita kutoka chini, ama hatajibu, ama atajibu na tawi limponyoke. Kwa hiyo tatizo haliko katika kufanya mambo mawili kwa pamoja. Tatizo ni kuyafanya mambo mawili wakati moja kati ya hayo bado hujalijua.

Hebu tulichukue neno hilo tuingie nalo katika historia ya upasuaji, tukianzia hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1879 Mwingereza mmoja kijana, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea uganga na aliyefika Uganda na wamisionari, alishuhudia jambo katika kijiji cha Kahura, nchi ya Bunyoro. Alilichapisha katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Aliona mama mwenye mimba ya kwanza akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Ushahidi tulio nao ni wa mtu mmoja, na kila mtu ana haki ya kuupima. Lakini maelezo yake ni ya mtu aliyetazama kwa makini, na linalonivutia mimi ni jinsi kazi ilivyogawanywa mle kibandani.

Mama alikuwa amelazwa kitandani, amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka amelegea, amefungwa kwa vitambaa vya magome ya mti. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, na kazi yake ilikuwa hiyo tu. Wa pili alisimama upande wa kulia akilituliza tumbo. Mpasuaji alisimama kushoto na kisu chake. Aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Halafu, kabla ya kukata, akapiga ukelele mkali, na umati uliokuwa nje ukaupokea. Baada ya hapo ndipo akapitisha kisu. Palipotoka damu, msaidizi alipagusa kwa chuma cha moto. Mtoto alipotoka alikabidhiwa msaidizi. Mpasuaji akakiacha kisu kianguke, akaukanda mji wa mimba kwa mikono yote miwili, huku msaidizi akizuia matumbo yasitoke. Mwishowe kidonda kikafungwa kwa vijiti 7 vya chuma, kikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya 11, anasema Felkin, kidonda kilikuwa kimepona.

Tazameni kile kisu kilichoachwa kianguke. Mtu yule hakujaribu kukanda kwa mkono mmoja na kushika kisu kwa mwingine. Alipomaliza la kwanza aliliacha kabisa, akaingia katika la pili. Nao ule ukelele wa mwanzo, watu wa Ulaya wakati ule pengine waliuona ushirikina mtupu. Mimi nauona vingine, na nitaurudia baadaye.

Huko Ulaya kwenyewe, kabla ya dawa ya usingizi, upasuaji ulikuwa mbio. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa muda usiofika dakika tatu, na wanafunzi walikaa wakitazama kama watu waliokuja kuona mchezo. Mgonjwa anayepiga mayowe hampi mwalimu nafasi ya kueleza kitu. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvusha mgonjwa etha mbele ya madaktari, na kabla ya mwaka kwisha Liston mwenyewe alikuwa ameitumia London. Mgonjwa akalala, na chumba kikatulia. Kwa mara ya kwanza daktari akawa na muda wa kukata polepole. Pamoja na muda huo likaja jambo ambalo halikuwapo zamani: akaweza kukata huku anafundisha. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1889, William Halsted aliufanya utaratibu huo kuwa mfumo kamili. Daktari kijana aliishi hospitalini miaka kadhaa, akipewa kisu kidogo kidogo, kazi nyepesi kabla ya nzito. Mfumo huo ndio ulioenea duniani, na kwetu umefika.

Lakini huku kwetu ulifika ukiwa na upungufu wa watu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Kumi na wawili, ndugu msikilizaji, kwa nchi nzima. Mwaka 1963 pakaanza masomo ya udaktari Dar es Salaam, na katika mwaka huo huo nchi ikaanza kuwafundisha madaktari wasaidizi. Hawa walikuwa matabibu waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, wakaongezewa mafunzo ya miaka miwili, ambamo miezi mitatu ilikuwa ya upasuaji na mitatu ya uzazi. Baada ya hapo walipelekwa wilayani.

Miezi mitatu, kisha wilaya. Sisi waandishi wa habari tumezoea kuwasema madaktari, lakini tumfikirie mtu huyo. Usiku ameletewa mama ambaye uchungu umemshinda tangu jana. Mtaalamu wa usingizi hayupo, basi yeye mwenyewe anamchoma sindano ya ganzi mgongoni, anabadili glavu, anapasua. Huku anapasua anamuuliza muuguzi shinikizo la damu limefika wapi. Mtoto akitoka bila kulia, inabidi aamue amtazame mtoto au amtazame mama. Na mlangoni mtu anagonga kwamba pana majeruhi wa ajali.

Walifanyaje? Jibu litawashangaza wengi. Utafiti wa mikoa ya Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wa dharura, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika na yale ya madaktari wenye shahada. Kabla ya hapo, katika hospitali ya mkoa Kigoma, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walikuwa wameteremsha vifo vya kina mama kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, kwa kutegemea zaidi nguvu zilizokuwapo pale pale.

Sitaki mtu achukue habari hizi aseme basi kumbe inawezekana, waacheni waendelee kufanya kazi tano kwa mpigo. Wale waliweza kwa sababu operesheni ile ile ya uzazi waliifanya tena na tena, mpaka mikono ikaijua kama mchumaji anavyolijua tawi. Swali la shangazi yangu linabaki pale pale kwa yule ambaye mikono yake bado haijajua.

Hapa Zanzibar tuna sura yetu wenyewe ya jambo hili. Timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika mwaka 1964, na kwa miaka mingi Jimbo la Jiangsu limekuwa likileta timu zake, Mnazi Mmoja kwa upande wa Unguja na Abdalla Mzee, Mkoani, kwa upande wa Pemba. Vijana wetu wengi wamesimama pembeni ya meza na wapasuaji wa Kichina. Fikirini kijana anayejifunza namna hiyo. Macho yako kwenye kidonda, sikio moja linamsikiliza mwalimu, sikio la pili linangoja tafsiri. Somo linafika kwa kuchelewa, mkono wa mwalimu umekwisha kupita. Nadhani ndiyo maana mengi katika vyumba vile yalifundishwa kwa kuonyeshwa tu, bila maneno, na huenda haikuwa hasara kama tunavyodhani.

Wataalamu wamelipima suala hili. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha jaribio rahisi kulieleza. Waliwachukua wapasuaji wazoefu na wanagenzi, wakawapa kazi ya kuhamisha vitu vidogo ndani ya kisanduku kwa zile koleo ndefu za upasuaji wa matundu, na huku wanahamisha wakaulizwa hesabu. Wazoefu walimudu yote mawili. Wanagenzi walipungukiwa. Bongo la mwanagenzi limeshikwa lote na koleo, halina nafasi ya kujumlisha. La mzoefu limeukabidhi mkono kazi, likabaki huru.

Matokeo hayo yanagusa desturi moja ya zamani katika kufundisha upasuaji, nayo ni kumsaili mwanafunzi huku ameshika kisu. Mshipa huu unaitwaje? Unatoka wapi? Ukiukata itakuwaje? Mwalimu anauliza kwa raha, kwani yeye ni yule mchumaji wa karafuu anayepiga soga juu ya mti. Amesahau kwamba aliye mbele yake amepanda mti leo. Sisemi asiulize. Aulize kabla, wakati wa kunawa mikono, au baadaye wakati wa kushona ngozi. Pale kisu kinapopita karibu na mshipa mkubwa, mwanafunzi aachiwe akili yake yote. Haya ni maoni yangu, mtu wa redio, na madaktari wanaweza kunikosoa.

Nasema hivyo kwa kuwa yamenikuta. Nilipokuwa mwanagenzi katika redio moja, ambayo sitaitaja, nilipewa kusoma matangazo ya vifo. Mnajua wenyewe uzito wa matangazo yale katika visiwa hivi. Nikiwa katikati ya kusoma, mtu akaingia studio kwa kunyata, akaniwekea karatasi ya tangazo jipya, na kwa vidole akanionyesha kwamba dakika zimebaki mbili. Nikaendelea kusoma huku jicho moja liko kwenye karatasi ile. Jina la marehemu na jina la mtoa taarifa nikayabadilisha. Nikamuua mtu mzima na kumfufua marehemu, hewani, visiwa vyote vikisikia. Jioni yule niliyemuua alikuja mwenyewe mlangoni, na alikuwa na kila haki ya hasira zake, maana nduguze wa kijiji cha pili walikwisha kukodi gari kuja mazikoni.

Mkuu wangu hakunifokea. Alinichukua mpaka mlango wa studio akanionyesha taa nyekundu. "Hii ikiwaka," alisema, "hata Rais hangoji ndani, anangoja nje." Kosa la aliyeingia lilikuwa kubwa kuliko langu, lakini jina lililosikika lilikuwa nililolisoma mimi.

Marubani nao wana taa yao nyekundu, ingawa ni ya maneno. Mwaka 1974 ndege ya Eastern Airlines ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, na zaidi ya watu 70 wakafa. Sauti zilizonaswa zilionyesha kuwa marubani walikuwa wakizungumza siasa na habari za magari. Mwaka 1981 Marekani ikapitisha kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, hakuna soga wala kazi isiyohusu kuiendesha. Hao walikuwa marubani wazoefu, kwa hiyo hata mchumaji wetu wa karafuu asijidanganye sana.

Madaktari walichelewa kuliko marubani, lakini walipoanza, Tanzania ilikuwamo, na hili watu wengi hawalijui. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi katika hospitali 8 za dunia. Toronto ilikuwamo, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila na Amman. Ya nane ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha ilikuwa na mambo 19 ya kuulizwa katika vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Swali la mwanzo ni jina la mgonjwa. Kabla ya kisu, kila mmoja aliyemo hujitambulisha kwa jina na kazi yake, na wote husimama kidogo. Vitambaa na sindano huhesabiwa kabla ya kutoka. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalikuwa kwamba, kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo viliteremka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Anayeona kumuuliza mgonjwa jina lake ni mchezo wa watoto akumbuke ya Novemba mwaka huo huo wa 2007, Dar es Salaam. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishana. Aliyekuja kwa ajili ya goti akapasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa mguu. Nchi nzima ilipiga kelele.

Naam, nilisema nitaurudia ule ukelele wa Kahura. Mpasuaji anasimama, kisu mkononi, anapaza sauti, na umati unaitikia. Kwa sekunde chache hakuna aliyemo ndani wala nje anayewaza jambo jingine. Sijui yule mtu wa Bunyoro aliita kwa nia gani, lakini kazi iliyofanywa na ukelele ule naiona ndiyo ile ile inayotakiwa kufanywa na karatasi ya Ifakara.

Karatasi nayo si dawa ya kila kitu. Jimbo la Ontario, Kanada, liliyalazimisha mahospitali yake kuitumia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Karatasi ikijazwa kwa mazoea, mtu akiweka alama za vema huku anajibu simu, basi nayo imekuwa kazi ya tatu juu ya zile mbili. Na simu hiyo ya mkononi, kwa maoni yangu, ndiyo jaribu kubwa la daktari kijana wa leo. Inalia mfukoni chini ya nguo ya kijani, anaijua ni ya wodini, na hawezi kuishika. Hata asipoipokea, imekwisha kumchukua nusu.

Shangazi alipasuliwa asubuhi. Kabla hajaingizwa, niliona muuguzi akipita na kisahani akikusanya simu za waliokuwa wakiingia, pamoja na ya daktari kijana mwenye macho ya usingizi, ambaye aliitoa shingo upande. Mwalimu wake aliweka yake bila kuombwa. Sikuthubutu kumuuliza kijana yule kama ilikuwa ngiri yake ya ngapi.

Jioni nilimkuta bibi amelala ubavu, kidonda kimefungwa vizuri, amekasirika. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi sana. Lililomuudhi ni jingine.

"Watu wale hawana kumbukumbu," aliniambia. "Wameniuliza jina mlangoni, nikawatajia. Nimelazwa mezani, wakaniuliza tena. Yule kijana ameshakuja na kisu chake, naye aniuliza, wewe ni nani bibi, na leo twakufanyia nini? Nikamwambia, mwanangu, kama wewe hujui, mimi nitajuaje?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Kisha akaniuliza tena."